Jet Provost ya Uganda ambayo haikuwahi kuruka: mwongozo kamili wa kuunda mwigo wa "ingekuwaje"

Kwenye rafu yangu hapa Entebbe ipo ndege ndogo ya rangi ya fedha, haifiki hata shubiri, yenye bendera ya Uganda mkiani. Mtu wa kwanza kuiona ikiwa imekamilika ni mzee jirani yetu, fundi wa ndege aliyestaafu. Aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza tumbo juu, akaangalia matundu ya magurudumu, kisha akaniuliza: "Hizi zilikuwa hapa mwaka gani?"

Hazikuwahi kuwa hapa. Kwa swali lile nikajua kazi imekubali.

Aina hii ya mwigo sisi tunaiita "ingekuwaje". Unachukua ndege ya kweli, unaipa maisha ambayo haikuishi, kisha unaiunda kwa uangalifu uleule ambao ungempa mtu anayetaka nakala halisi. Nitakuonyesha jinsi nilivyounda yangu, jeti ya mafunzo ya Kiingereza iitwayo Jet Provost, kwa kipimo cha 1/72. Ukitaka kutumia ndege nyingine, L-29 au Fouga Magister kwa mfano, hatua ni zilezile.

Kwanza hadithi, na uongo uwe mmoja

Kabla ya kushika wembe, shika kalamu. Andika sentensi tatu au nne: ndege gani, nani aliinunua, mwaka gani, kwa nini. Kanuni yangu ni kwamba uongo uwe mmoja tu, na kila kitu kinachoufuata kiwe cha kweli au kiwe kinatokana na huo uongo. Nimeona mtu akichukua ndege ya wanafunzi, akaitundika makombora manane, akaipaka madoa ya chui na kuandika jina la mchumba wake puani. Hakuna ubaya, ndege ni yake. Lakini hakuna atakayemwuliza ilikuwa hapa mwaka gani.

Ukweli wenyewe ni huu. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Januari 1964 askari waliasi pale Jinja, siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika, na wanajeshi wa Kiingereza wakaitwa kutuliza mambo. Baada ya hapo serikali ilianza kutafuta walimu wengine, ikageukia Israeli, na jeti za mafunzo zilizokuja zikawa Fouga Magister za Kifaransa, zile zenye mkia wa herufi V. Sasa uongo wangu: mwaka 1965 Uganda inanunua Jet Provost nne kutoka Uingereza badala ya Magister. Basi. Hapo nimefunga mdomo.

Ona jinsi uongo huo mmoja unavyonifanyia kazi. Jet Provost ya kuuza nje ilikuwepo kweli miaka ile: toleo la T.51 lilikwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo), Sudan na Kuwait, na T.52 likaenda Iraq, Venezuela na Sudan tena. Sudan, jirani yetu wa kaskazini wakati ule, alikuwa nazo, kwa hiyo ya kwetu haishangazi. Hadithi hiyohiyo inaninyima vitu pia. Siwezi kutumia Strikemaster, ndugu yake wa kivita ambayo Kenya ilikuja kuwa nayo, kwa sababu iliruka mara ya kwanza Oktoba 1967. Siwezi kuandika kwamba ndege ilikaa kwenye chuo cha urubani cha Soroti, kwa kuwa kile kilianza 1971. Nilitamani sana kuandika "JESHI LA ANGA" ubavuni, Kiswahili kikiwa lugha ya kambini tangu zamani, lakini makaratasi ya serikali ya 1965 yalikuwa ya Kiingereza, na rangi za ndege hufuata makaratasi. Nikaandika UGANDA tu.

Chagua pia mwaka wa mwigo wenyewe, si mwaka wa kununua pekee. Yangu ni ndege ya 1966, yenye umri wa mwaka mmoja. Hilo litaamua uchakavu wake baadaye.

Picha na hesabu

Tafuta picha za ndege ya kweli kutoka pande zote, hasa tumbo na mkia, kwa sababu vielelezo vya ndani ya boksi huonyesha pande mbili tu. Picha za makumbusho mtandaoni zinatosha. Tahadhari moja kwa wa hapa kwetu: usiende kusimama kwenye uzio wa kambi ya jeshi ukiwa na simu mkononi, eti unatafuta rangi ya magurudumu. Utapata maelezo mengi kuliko uliyoyataka.

Hesabu ya kipimo ni nyepesi: kila kitu gawanya kwa 72. Jet Provost ina urefu wa mita 9.88, kwa hiyo mwigo unakuwa milimita 137. Upana wa mabawa pamoja na matangi ya nchani ni mita 11.25, yaani milimita 156. Alama ya duara yenye upana wa mita 1 inakuwa milimita 14 kasoro kidogo. Andika namba hizi kwenye karatasi na uibandike mbele ya meza, maana utazihitaji siku ya kuchapisha alama.

Seti niliyotumia ni ya Airfix, Jet Provost T.3 ya 1/72. Ya kwangu ni T.52, nayo ilitokana na T.4, na tofauti kubwa kati ya T.3 na T.4 imo ndani, kwenye injini ya Viper yenye nguvu zaidi, kwa hiyo kwa macho unaweza kuitumia bila kuona haya. Ukikuta kwenye boksi vipande vya T.3A, viache: antena zile ziliwekwa miaka ya 1970.

Vifaa, kutoka Kisekka hadi Kigungu

Seti yenyewe utaiagiza au utambembeleza mtu anayesafiri. Vitu vingine karibu vyote vipo Kampala au kando ya ziwa ukijua pa kuuliza.

Soko la Kisekka, pale wanapouza vipuri vya magari, utapata praima ya kijivu ya kopo la kupuliza, msasa wa maji wa namba 400, 800 na 1200, bodi fila, thina, na rangi ya fedha ya gari. Wale jamaa wanachanganya rangi kwa jicho na watakupimia kichupa kidogo ukiwaambia vizuri. Duka la vipodozi lina asetoni, tupa za kucha na vijiti vya pamba. Vibanio vya nguo viko nyumbani. Wembe wa kawaida unatosha, lakini kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha ni bora. Ongeza gundi ya plastiki (hii ndiyo utakayopata shida kuipata, iagize pamoja na seti), supaglu, gundi nyeupe ya mbao, na tepu ya karatasi ya kuzibia rangi.

Na uzito wa puani? Nenda Kigungu kwa wavuvi ukanunue chubwi, zile risasi ndogo za kuzamisha mshipi. Nilinunua tano, mvuvi akataka kujua nakwenda kuvua nini. Nikamwambia ndege. Akacheka akaniongezea moja.

Madini ya risasi ni sumu: ukiishika, nawa mikono kabla ya kula.

Kuunganisha

Osha kwanza fremu za plastiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwani hutoka kiwandani na mafuta yanayokataza rangi kushika. Zikaushe. Usivunje kipande kwa vidole. Kikate mbali kidogo na mwili wake, kisha umalizie kwa wembe na msasa.

Anza na chumba cha marubani. Kwenye Jet Provost mwalimu na mwanafunzi hukaa bega kwa bega, na chini ya kioo kipana kama kile kila kitu kinaonekana, kwa hiyo hapa usifanye haraka. Paka ndani kijivu cha giza badala ya nyeusi tii. Kwa kipimo kidogo nyeusi kamili hufanana na shimo. Kisha chovya brashi kavu kwenye kijivu cheupe, ifute kwenye kitambaa mpaka ikaribie kuisha rangi, ipitishe juu ya swichi na kingo. Vitu vilivyoinuka vitajitokeza vyenyewe. Mikanda ya viti nilitengeneza kwa vipande vya tepu vya upana wa milimita 1, nikavipaka rangi ya buluu iliyofifia. Dakika ishirini za kazi, na ndicho kitu ambacho watu wote huangalia kwanza.

Sasa uzito. Gurudumu la mbele liko karibu na pua, na nyuma kuna bomba refu la injini, kwa hiyo bila uzito ndege itakaa kitako. Shikilia nusu mbili za bodi kwa tepu, bandika mabawa kwa tepu, halafu egemeza ndege kwenye vidole viwili mahali ambapo magurudumu makubwa yatakuwa. Ongeza chubwi puani na chini ya sakafu ya chumba mpaka pua ianguke yenyewe. Kisha ongeza moja zaidi. Ile ya mvuvi ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu rangi na matangi huongeza uzito usioutarajia. Zishike kwa supaglu ndani kabisa, zisije zikaanza kucheza baada ya kufunga.

Bodi na mabawa huunganishwa kama maelekezo yanavyosema, sina la kuongeza ila hili: gundi ya plastiki huyeyusha, haibandiki. Kidogo kinatosha, kisha bana kwa vibanio vya nguo na uiache ilale usiku mzima. Angalia kwa mbele kwamba mabawa yameinuka sawa pande zote mbili kabla gundi haijashika.

Mianya iliyobaki, hasa mabawa yanapokutana na bodi, jaza kwa bodi fila kidogo sana. Bodi fila ya gari huganda haraka na ni ngumu kuliko plastiki, kwa hiyo ukiisubiri mpaka kesho utasugua plastiki na kuiacha fila imesimama. Isugue mara tu inapoganda, ndani ya nusu saa, kwa msasa wa 400 wenye maji, kisha 800.

Mabadiliko madogo

Hapa ndipo mwigo unaanza kuondoka kwenye boksi. Jet Provost za kuuza nje zilibeba bunduki 2 za milimita 7.7, ambazo zile za RAF, jeshi la anga la Uingereza, hazikuwa nazo. Nikachoma matundu mawili kwa sindano yenye moto karibu na midomo ya kuingizia hewa, moja kila upande, nikayapanua kwa ncha ya kekee ndogo ya mkono. Kila tundu halifiki milimita 1. Nikaongeza antena ya waya mgongoni kwa uzi wa plastiki uliovutwa juu ya mshumaa: kata kipande cha fremu, kipashe moto katikati mpaka kilainike, kiondoe kwenye moto, kisha kivute pande zote mbili kwa mwendo mmoja. Utapata uzi mwembamba kuliko unywele.

Nilisimama hapo. Kishawishi cha kuongeza roketi chini ya mabawa kilikuwepo, na matoleo ya nje yaliweza kubeba silaha, lakini hadithi yangu ni ya ndege ya kufundishia.

Praima, na adui anayeruka

Pulizia praima ya kijivu kwa tabaka nyembamba mno, kopo likiwa umbali wa sentimita 25 hivi, ukianza kupuliza nje ya ndege na kumalizia nje yake. Rangi za gari zina thina kali inayoweza kuumua plastiki, ndiyo maana kwanza unajaribu kwenye fremu tupu. Ukiona uso wa plastiki umekunjamana, puliza kutoka mbali zaidi na acha kila tabaka likauke dakika kumi. Fanya kazi nje au dirishani, vaa barakoa, na usipulize karibu na jiko.

Hewa ya Entebbe ina unyevu. Ukipuliza asubuhi mapema au mvua inaponukia, rangi za aina hii hutoka na ukungu mweupe usioondoka. Mimi hupuliza kati ya saa nne na saa saba mchana, siku kavu.

Usiku usithubutu. Kuna wadudu wadogo wa ziwani, wenyewe huwaita sami, wanaotoka ziwani kama moshi na kufuata taa. Bawa langu la kushoto la kwanza liliwapokea kumi na saba, niliwahesabu nikiwatoa mmoja mmoja kwa kibano, na kila mmoja aliacha miguu yake. Nililisugua lote upya. Tangu siku hiyo kila kinachokauka kwangu kinafunikwa na beseni la plastiki lililoinuliwa kidogo kwa vijiti viwili ili hewa ipite.

Praima ikikauka, itazame chini ya mwanga wa pembeni. Itakuonyesha kila mwanya uliodhani umeujaza. Jaza, sugua, puliza tena.

Rangi

Ndege za mafunzo za Waingereza wakati ule zilipakwa rangi ya fedha; hazikuachwa bati tupu. Tofauti ni kubwa. Bati tupu hung'aa kama kioo na huhitaji nyeusi ya kung'aa chini yake. Rangi ya fedha ni tulivu, kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, na praima ya kijivu inaifaa vizuri.

Mikanda ya tahadhari, ile mistari mipana ya rangi kali inayofanya ndege ionekane kwa mbali, ndiyo iliyonichukua wiki nzima ya kufikiri. RAF walikuwa wameacha mikanda ya njano ya miaka ya 1950 na kuhamia rangi kali ya machungwa inayong'aa. Lakini rangi zile hupauka haraka sana juani, na Ikweta inapita hapo Kayabwe, njia ya Masaka, si mbali. Mnunuzi mwenye akili angeomba njano ya zamani. Hivyo njano yangu haikuongeza uongo wa pili, imetokana na ule wa kwanza, na isitoshe ni rangi ya bendera.

Njano haifuniki. Ukiipaka juu ya kijivu inakuwa rangi ya maji ya matope. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: nyeupe mahali mikanda itakapokuwa, yaani kuzunguka bodi nyuma ya mabawa na kwenye kila bawa, njano juu yake tabaka mbili au tatu, ikikauka kabisa, ziba kwa tepu, ndipo upulize fedha ndege nzima. Kabla ya kupuliza fedha, pitisha njano nyembamba kwenye kingo za tepu. Ikivuja, itavuja njano juu ya njano, na ukingo utatoka umenyooka kama wa mashine. Ondoa tepu kwa kuikunja juu yenyewe, polepole, saa moja baada ya kupuliza.

Mwisho paka nyeusi isiyong'aa juu ya pua mbele ya kioo, ile ya kuzuia mwanga kuwapiga marubani machoni. Changanya tone la kijivu ndani yake.

Huna kopo wala kompresa? Brashi pana laini inafanya kazi kwa njano na nyeusi. Kwa fedha ni vigumu, michirizi huonekana. Bora uazime kompresa kwa fundi wa magari kwa mchana mmoja.

Alama: bendera, duara na Nasser Road

Kwa kuwa hizi ndege hazikuwepo, hakuna wa kukuuzia stika zake. Utachora mwenyewe kwenye kompyuta, utanunua karatasi ya stika za maji, na utachapisha. Nasser Road, mtaa wa wachapishaji pale Kampala, ina kila aina ya printa.

Mambo ya kujua kabla hujapanda taksi:

- Printa ya kawaida haichapi nyeupe. Mahali palipo peupe kwenye mchoro wako patakuwa pa uwazi. Chukua karatasi yenye mgongo mweupe kwa bendera na duara, na ya uwazi kwa maandishi meusi.
- Tumia printa ya leza. Wino wa maji utayeyuka ukitumbukiza stika, isipokuwa uifunike kwanza kwa vanishi.
- Mwambie mchapishaji kwa mdomo wako, na umwangalie akifanya, kwamba ukubwa ni asilimia 100.

Hilo la tatu nililipia. Duka nililokwenda mara ya kwanza liliiachia mashine inyooshe mchoro ujaze ukurasa, nami sikupima hadi nikafika nyumbani. Duara za milimita 14 zilikuwa 17. Kwenye bawa zilionekana kama sahani. Sasa nachora mstari wa milimita 100 pembeni ya kila ukurasa na kwenda na rula mfukoni.

Duara langu lina pete tatu za rangi za bendera: nyeusi nje milimita 14, njano 9.5, nyekundu katikati 5. Manne kwa mabawa, juu na chini, na mawili madogo ya milimita 10 kwa ubavu. Bendera ya mkiani ni ya uwiano wa 2 kwa 3, nami nilitumia milimita 8 kwa 12, kwa hiyo kila mstari kati ya sita, nyeusi, njano, nyekundu, kisha tena, una milimita 1.3 hivi.

Sasa korongo. Kwenye bendera yetu anatazama upande wa mlingoti. Kwenye ndege, mlingoti huhesabiwa kuwa upande wa mbele, kana kwamba bendera inapepea ndege ikienda. Kwa hiyo korongo lazima atazame puani, kushoto na kulia. Maana yake unahitaji michoro miwili, mmoja ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo. Ukichapisha bendera mbili zinazofanana, upande mmoja korongo atakuwa anarudi nyumbani kinyumenyume. Kwa ukubwa huu ndege mwenyewe ni kama punje ya mtama, lakini mguu ulioinuliwa na taji vikionekana hata kwa kubahatisha, jicho linamalizia.

Namba ya ubavuni, U-403, niliibuni. Iweke kwa herufi za kawaida zilizonyooka. Herufi za madoido ndizo zinazofichua kwamba mtu alikaa na kompyuta.

Kabla ya kubandika, paka vanishi ya kung'aa ndege nzima na uiache siku mbili. Stika ikibandikwa kwenye uso mkavu usiong'aa hubeba hewa chini yake, na ukingo wake huonekana kama plasta ya kidonda. Kata stika karibu na mchoro, itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu nusu dakika, iache ilegee yenyewe, isukume mahali pake kwa brashi yenye maji, kisha ikandamize kwa kijiti cha pamba kuanzia katikati kwenda nje. Kingo za karatasi nyeupe zitaonekana. Zipitie kwa kalamu ya rangi inayofanana kabla hujabandika. Ikikauka, vanishi tena.

Uchakavu, au somo la mzee

Mwigo wa kwanza nilioumaliza niliutia vumbi jekundu kila mahali, nikidhani hiyo ndiyo Afrika. Nikampelekea mzee yuleyule.

"Kijana wangu, hii ilianguka kwenye tanuri la matofali?"

"Ni vumbi, mzee."

"Uwanja wa hapa ni wa lami. Vumbi utalipata ukitua kwenye murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, na linakaa nyuma ya magurudumu na tumboni, kwa kuwa gurudumu ndilo linalolirusha. Na mvua hii ya hapa itaacha vumbi gani mgongoni?" Akanyamaza kidogo. "Mgongoni ni jua. Jua linapiga kutoka juu. Rangi inakwisha mgongoni, tumbo linabaki jipya lakini chafu."

Sina mwalimu mwingine wa uchakavu. Kwa ndege ya mwaka mmoja fanya hivi: changanya tone la rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea na thina nyingi ya rangi za mafuta, iguse kwenye mistari ya mabati kwa brashi nyembamba, itambae yenyewe, kisha futa ziada kwa kijiti cha pamba kwa kufuata mwelekeo wa upepo, mbele kwenda nyuma. Tumboni acha uchafu zaidi, na masizi mepesi kwenye mdomo wa bomba la injini. Juu ya bodi, njano yenye tone la nyeupe ipitishwe kwa brashi karibu kavu, ionekane imepauka kidogo. Magurudumu na sehemu iliyo nyuma yake: chokaa nyekundu ya kuchorea ubaoni iliyosagwa, kidogo tu, kama zamu moja ya kutua kwenye murram.

Funika kwa vanishi isiyong'aa sana. Ndege ya fedha inahitaji mng'ao wa wastani. Ikifa kabisa inakuwa ya saruji.

Kioo, miguu na kibao

Kioo kibandike mwisho, na kwa gundi nyeupe ya mbao. Usitumie supaglu: mvuke wake hukitia kioo ukungu kwa ndani, na hakuna njia ya kuufuta. Kama kina mikwaruzo, kisugue kwa dawa ya meno na kitambaa laini kabla ya kupaka fremu zake. Kioo cha Jet Provost huteleza kwenda nyuma, kwa hiyo unaweza kukiacha wazi. Mimi nilikifunga, ile mikanda ya tepu inaonekana vilevile.

Miguu na milango yake ikikauka, weka ndege juu ya kioo cha dirisha au meza iliyonyooka na utazame magurudumu yote matatu yanagusa. Moja likielea, lisugue jirani yake kidogo kwa msasa badala ya kukunja mguu.

Nilitengeneza kitako cha kipande cha mbao ya mvule nilichookota kwa seremala, nikakichora mistari ya saruji ya uwanja wa ndege kwa penseli. Kibao chake kina mistari miwili. Wa kwanza: "Jet Provost T.52, Entebbe, 1966." Wa pili kwa herufi ndogo zaidi, kwa sababu kuna watoto hapa nyumbani watakaoikuta siku moja na kuamini: "Haikuwahi kununuliwa. Zilizokuja ni Fouga Magister."

Mzee aliusoma mstari wa pili akiwa amesogeza miwani hadi kipaji. Kisha akasema gurudumu la mbele limepinda, na ni kweli, limepinda.